Kahawa ya Nkungu, Daftari la Mama

Kamembe, tarehe 25 mwezi wa nane, 2024

Mdogo wangu Uwase,

Nisamehe. Tangu Idi mpaka leo ni miezi minne na nusu, na mimi ndiye niliyesema nitakuandikia wiki ile ile. Nikishika kalamu, Gasaro analia. Nikimaliza kumnyonyesha, kalamu imeshachukuliwa na Habiba, anachora ukuta. Leo wote wawili wamelala, Mama yuko kibarazani anakunja vipande vya kitambaa, nami nimekaa nyuma ya cherehani yake kama mwizi.

Huku hatujambo. Shemeji yako Byiringiro amepata kazi ya kujenga huko Giheke. Anaondoka Jumatatu, anarudi Alhamisi na saruji masikioni. Habiba amefika miaka mitano na anajua kila kitu. Gasaro ana miezi miwili, ana mashavu yako, pole yake. Maman Nzigire, jirani yetu wa Bukavu anayevusha biashara mpakani kwenye daraja la Rusizi II, anakusalimu sana. Anauliza kama huko Liège wanapika majani ya sombe, au watu wanaishi hivi hivi tu.

Utauliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Ni kwa ajili ya Mama. Simu inasema mara moja, inanyamaza. Ile barua yako ya mwaka jana Mama anaisoma kila asubuhi, na kila asubuhi imefika leo. "Uwase ameandika!" Anaibeba mpaka kwa Maman Nzigire, anamsomea yote. Nzigire ameisikia pengine mara arobaini, na kila mara anashika kichwa, "Eeh! Kumbe!" Mungu amlipe. Unamjua Mama na maandishi: miaka yote ya kushona hakukata nguo kwa vipimo vya mdomoni. Alikuwa anawaambia wateja, "Mudomo inakonda, inanenepa. Daftari iko pale pale." Mpaka leo kilichoandikwa anakiamini. Tunachosema sisi kinampita kama upepo.

Sasa neno lenyewe. Mama anapotea, Uwase. Mwezi wa sita alishona suruali ya miguu mitatu, akaikunja vizuri, akauliza mwenyewe yuko wapi. Nimempeleka hospitali. Daktari amesema ni ugonjwa wa ubongo, kuna mabonge ya protini yanajijenga mle ndani na kuziba njia. Dawa ya kuyaondoa hawana. Nilimwomba arudie hilo neno, mabonge ya protini, kwa sababu niliwahi kulisikia. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikakumbuka: ni wewe, siku ya Idi, kwenye simu! Ulisema kwenye labo yenu ya chuo mnayavunja kwa unga wa kaboni mdogo usioonekana kwa macho. Mimi nilikuwa natia chumvi kwenye pilau, nikaitikia tu. Nilisimama katikati ya barabara, pikipiki zinanipigia honi. Mdogo wangu ndiye anayetengeneza dawa ya Mama!

Nitumie huo unga. Kidogo tu, hata kwenye bahasha. Sitamwambia mtu. Nataka ufike wakati Mama bado anajua watoto wake. Wewe hajakusahau hata siku moja, nakuapia.

Barua hii anaibeba Mukakalisa anayemfuata mwanawe huko Ubelgiji, pamoja na kilo ya kahawa ya Nkungu, ya vilimani kwetu. Usiigawe yote kwa Wazungu.

Dada yako, Mwavita


Liège, tarehe 16 mwezi wa tisa, 2024

Dada Mwavita,

Nakusalimu wewe, shemeji Byiringiro, watoto na Mama, ambaye najua ataisoma hii. Mama, shikamoo. Mimi mzima. Huku baridi imeanza kunusanusa. Mukakalisa alinikabidhi kahawa kituo cha treni kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Nilipoifungua ofisini, watu wawili wa mlango wa pili walikuja kuuliza ni nini kinachonukia hivyo.

Nimelia kuhusu suruali ya miguu mitatu. Kisha nimecheka. Kisha nimelia tena.

Sasa nisikilize, nitaeleza kama vile tuko chini ya meza ya Mama, tunaokota pini. Protini mwilini ni kama uzi. Ukikunjika sawa, unafanya kazi yake. Ukikunjika vibaya, unashika uzi wa pili, wa pili unashika wa tatu. Unakumbuka yale mafundo yanayojificha chini ya cherehani, ambayo Mama alitukataza kuyavuta? Ndiyo yaliyomo kichwani mwake.

Sisi tunachukua machicha ya kahawa, yale tunayomwaga, tunayatia na maji katika chombo cha chuma, tunakifunga kwa nguvu, tunakipasha moto mkali sana kwa saa nyingi. Yanatoka maji ya rangi ya chai nyepesi. Tunayachuja, tunayachuja tena. Ukiyatazama, utasema ni uchafu. Lakini mle ndani kuna chembe za kaboni, ndugu wa makaa ya jikoni kwako, ndogo kiasi kwamba ungeupasua unywele mmoja mara elfu kumi ndipo ukaribie. Siku ya kwanza niliyamulika kwa taa ya zambarau. Dada, yale maji machafu yaliwaka! Buluu, kama moto wa gesi, ila baridi. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, mwalimu wangu akaja mbio kuuliza kama nimeungua.

Chembe hizo zinapenya kwenye mafundo na kuyalegeza. Lakini ni ndani ya tyubu ya kioo, Dada. Hatujajaribu hata kwa panya. Ubongo una ukuta wake, hatujui kama zinaupita. Zikiupita, hatujui zinakaa wapi na nini kinazitoa. Sitatuma hata tone. Si kwamba sitaki. Usiniombe tena, maana utanifanya niseme hapana kwa Mama mara mbili.

Kuhusu kuja nyumbani, labda mwakani, tuone.

Wako, Uwase


Kamembe, tarehe 20 mwezi wa kumi, 2024

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mvua imeanza, nguo hazikauki, Gasaro ana mafua, mimi mgongo. Barua yako nimeisoma mara tatu, Mama mara thelathini. Anapofika pale "Mama, shikamoo", anaitikia "Marahaba" kwa sauti.

Nimekuelewa. Sitaomba tena.

Maman Nzigire yeye anasema haya ya mabonge ni maneno ya hospitali. "Dada, hii haiko buzee. Ni karuho. Muntu alimutilia sumu mu chai, na sumu inatolewa na makala ya jiko mu maziwa." Nimemwambia aache. Unajua watu wa huku, mtu akijikwaa tu, amelishwa karuho.

Mama hajambo. Maziwa yake ya asubuhi anayamaliza.

Habiba anauliza kitu, nimwandikie: hiyo kahawa, mnaiunguza mpaka iwe nyeusi kabisa, au mnaiacha na kahawia kidogo? Na ikishasagwa, ukiichuja kwa kitambaa cha voali mara mbili, inatosha?

Wako, Mwavita


Liège, tarehe 12 mwezi wa kwanza, 2025

Dada Mwavita,

Heri ya mwaka. Nyie wazima? Nauliza kwa kweli, si kwa desturi. Barua yako ya mwezi wa kumi niliisoma nimesimama. Mtoto wa miaka mitano hajui voali. Nilikujibu siku ile ile: usiunguze kitu, usimpe Mama kitu. Hukujibu. Nimepiga simu mara sita; shemeji anasema umelala, au uko sokoni, au simu haina umeme. Nilitaka kumwambia yeye, nikaona haya kukushtaki kwa mumeo kwa jambo ambalo huenda hukulifanya.

Basi nitakuambia la kwangu, labda utaniambia la kwako.

Wiki iliyopita nilitengeneza chembe kwa kahawa yako. Ile ya Nkungu. Sikumwambia mtu inatoka wapi, nilibandika tu herufi N. Tuna rangi fulani tunayotia kwenye tyubu: ikikuta mafundo ya protini, inawaka, mafundo yakilegea, inafifia. Mashine inapima huo mwanga na kuchora mstari. Saa tatu asubuhi nikaweka. Mstari ulikuwa juu, umelala sawa kama barabara. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi ulikuwa unashuka.

Dada, nilikaa mbele ya mashine ile kutwa, sikula. Ulishuka pole pole, bila kukimbia, kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani. Kufikia alasiri, zaidi ya nusu ya mwanga ulikuwa umekwisha. Kesho yake tukatazama kwa darubini kubwa. Picha ya kwanza: nyuzi ndefu, zimesokotana kama gunia lililooza. Picha ya pili: vipande vifupi vifupi, vimetawanyika, kama sakafu ya Mama akishafumua mshono. Hakuna kilichovutwa. Kimefumuliwa. Kahawa iliyoota kwenye vilima vyetu, iliyochumwa na mtu ambaye hatajua kamwe, imefanya kitu ambacho mimi na vyeti vyangu siwezi kufanya kwa mkono.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi. Nilikuwa nahesabu: panya, kisha wanyama wengine, kisha watu wachache, kisha wengi. Ikienda vizuri, ni miaka kumi, kumi na mitano. Mama hana miaka hiyo. Muujiza nimeuona kwa macho yangu, Dada, nao haumjui mama yangu.

Na hili la mwisho. Unadhani siji kwa sababu ya masomo. Siyo. Naogopa nitaingia mlangoni, na Mama aniulize mimi ni wa nani. Kwenye karatasi bado ananijua. Nataka nibaki huko.

Uwase


Kamembe, tarehe 9 mwezi wa tatu, 2025

Uwase wangu,

Ramadhani njema. Huku tumefunga, isipokuwa mimi ninayenyonyesha, na Mama, anayefunga mpaka saa nne kisha anasahau, anaomba chai. Byiringiro anakusalimu na anaomba radhi kwa uongo wa simu. Ni mimi niliyemtuma. Gasaro anatambaa. Maman Nzigire alijifungia wiki nzima kwa aibu, nami nikamwambia atoke, maana mkono uliosaga haukuwa wake.

Ndiyo. Nilimpa.

Ulipoandika kwamba ni ndugu wa makaa ya jikoni, na Nzigire naye anasema makaa katika maziwa, niliona maneno mawili yamekutana, la shule na la mtaani, nikasema hii ni njia. Nilikuwa nimechoka, Uwase. Nilitaka iwe njia. Nikaunguza kahawa ya Nkungu kwenye sufuria mpaka ikawa jivu jeusi, nikaitwanga, nikaichuja kwa voali ya Mama mwenyewe, ile ya shela za bibi harusi. Kijiko kimoja katika maziwa kila asubuhi, siku kumi na tisa. Maziwa yale yale aliyomezea vidonge vyake vya presha.

Siku ya ishirini Mama alianguka mlangoni na kikombe mkononi. Hospitalini muuguzi mmoja, Niyomugabo, alipima presha, akapima tena kwa mashine nyingine. Akaniuliza:

"Mama anakunywa vidonge?"

"Kila siku."

"Na nini?"

"Na maziwa."

"Maziwa yana nini?"

 Hakuniuliza tena, alinitazama vidole. Chini ya kucha kulikuwa bado kweusi. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua: "Makaa yanashika dawa tumboni, Mama Habiba. Inapita bila kufanya kazi. Umekuwa unampa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine." Mama alilala hospitali siku nne. Amerudi, anatembea, presha imetulia. Barua yako ya kunikataza niliichukua posta baada ya hapo, kwa sababu sikupita posta mwezi mzima. Niliogopa kukuta umeandika kile nilichokwisha kujua.

Usinitukane. Nimeshajitukana, sijakuachia neno. Na usije ukamwandikia Nzigire.

Nilipopata ile ya mwezi wa kwanza, yenye mstari unaoshuka, nilibaki nayo mapajani mpaka Gasaro akaila pembe. Nilichukua unga wangu uliobaki, nikaenda kwa Nzigire, maana ana ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti za dola. Mama akatufuata. Tukafunga dirisha. Nikaumulika unga wangu. Hakuna kitu, Uwase. Mweusi ulikuwa, mweusi ukabaki. Ndipo nilipoelewa, kuliko kwa barua zako zote, kwamba kati ya makaa yangu na chembe zako pana safari ambayo sufuria haiwezi kuifanya. Zote kaboni, kama vile uzi na shela vyote ni pamba.

Nikawa nataka kuzima, taa ikapita kwenye mapaja ya Mama. Alikuwa ameshika kibobini cha uzi mweupe, hakiachi siku hizi. Kikawaka! Buluu, kama ulivyoandika. Na uzi uliokuwa umening'inia kwenye kanga ukawaka, na kipande kwenye mkono, na kimoja kwenye nywele zake. Mama alikuwa amejaa nuru ndogo ndogo kila mahali na sisi tulikuwa hatujui. Akanyanyua kile kibobini mbele ya macho yake, akauliza:

"Nani alitia mwezi mu uzi yangu?"

Nzigire akalia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui kisayansi ni kwa nini uliwaka, utanieleza. Lakini nilifikiri: kama vitu hivi vipo mbele yetu siku zote vinangoja tu taa yake, basi nani amesema kilichomo ndani ya Mama kimezimika?

Sasa nikuambie nilichokuficha tangu barua ya kwanza. Wewe unaogopa Mama asikujue. Mama anakujua. Asiyejulikana ni mimi.

Tangu mwezi wa saba mwaka jana. Nikimwogesha anasema, "Asante, mama. Mungu akupe batoto." Namjibu, "Nimepata wawili." Anafurahi sana, kila siku. Kwa Habiba ananisifu: yule mama anayekuja kutusaidia ana mikono mizuri. Habiba alikuwa anambishia, sasa ameacha.

Ijumaa iliyopita nilimwambia wazi, "Mama, mimi ni Mwavita." Hakukasirika. Alitoa tepu shingoni, akasema, "Simama." Akanipima kama zamani. Kisha akafungua daftari lake, ukurasa wangu, ule wa gauni la harusi. Akapitisha kidole.

"Kiuno ya Mwavita iko sabini na mbili. Wewe uko themanini na nane. Unaniongopea."

"Nimezaa, Mama."

"Haikuandikwa."

Akarudi kwenye mabega. Akapima. Akatazama daftari. Akapima tena, safari hii bila tepu, kwa viganja tu, huku na huku.

"Mabega thelathini na nane," akasema. "Na yake thelathini na nane." Akanitazama usoni muda mrefu, Uwase, muda mrefu sana. "Muliazimana mabega?"

Basi. Kumbukumbu yake ilikuwa imefika pale mlangoni, ikarudi. Lakini nimeiona, kama ulivyouona mstari wako ukianza kushuka. Iko humo.

Kwa hiyo endelea na kazi yako. Miaka kumi na mitano si kitu kwa mama wa mtu mwingine, na kuna siku mwanamke mmoja atapokea dawa yako bila kujua Nkungu iko wapi. Wa kwangu nitamlinda na nilicho nacho. Na ukitaka kuja, njoo. Akikuuliza wewe ni wa nani, tutakuwa wawili, tutacheka.

Bado nahitaji unitumie haya, usiongeze, usipunguze:

Soksi za sufu za Mama, jozi mbili, zisizobana kifundo.

Miwani ya kusomea, namba mbili na nusu, yenye kamba ya shingoni. Ile ya kwanza ameishonea ndani ya mto.

Picha ya maji yenye nuru, iliyochapwa kwenye karatasi. Nyuma yake andika: "Hii ni kahawa ya Nkungu."

Unga usitume.

Na barua moja kwa Mama peke yake, isiyo na tarehe, kwenye karatasi ya daftari yenye mistari, kwa mwandiko wako, herufi kubwa, wino mweusi, nipate kuibandika kwenye ukurasa wangu wa daftari lake. Usimuulize kama anakumbuka. Mwandikie hivi tu: Mama, rekebisha vipimo. Mwavita amezaa watoto wawili. Kiuno themanini na nane. Mabega yale yale.